Amana ya Mjomba

Ninayo diploma. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi wa Korogwe wamesikia habari zake lakini wachache wameiona, na wapo waliosema haipo. Ipo. Imo ndani ya fremu ya mvule, nyuma ya kioo, ina sahihi kumi na tisa za vijana waliokuwa wakisomea sheria Berlini, na muhuri wa nta nyekundu uliopasuka pembeni siku meli ilipoyumba. Imeandikwa kwamba mimi ni mwanachama kamili wa chama chao cha sheria ya mataifa. Hakuna mtu mwingine aliyekulia Kwaluguru, wala Handeni nzima, mwenye karatasi ya namna hiyo, na sikuipata kwa msaada wa baba wala padri wala akida. Niliipata kwa kichwa changu.

Lakini siku hizi karatasi ninayoitoa mara nyingi zaidi ni nyingine, ndogo, isiyo na fremu, inayokaa ndani ya mwanzi. Nitazieleza zote mbili, maana moja haieleweki bila ya nyingine.

Kwetu Wazigua mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye neno juu yake ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, asiyependa kurudia jambo mara mbili. Zamani, nilipokuwa bado nanyonya, ukoo wetu ulikaa bondeni ng'ambo ya mto, mwendo wa asubuhi moja kutoka Kilole. Mama yangu alifariki huko, akazikwa huko, karibu na mama yake. Kisha nzige wakala kila kitu, hata majani ya paa, na mwaka huohuo akaja Mdachi mmoja na mkalimani wake kuomba bonde apande mkonge. Mjomba alikuwa na watu wenye njaa wa kuwahamisha. Akamwambia mkalimani, "Mwambie nampa kwa amana. Atumie. Nikilihitaji nitakuja kulichukua."

Mkalimani aliandika. Juu Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, chini Kidachi. Mjomba akachovya kidole gumba katika wino, akatia alama, akapewa nakala yake, akahamia Kwaluguru.

Nilipojifunza kusoma chuoni, kwa mwalimu wa msikitini, mimi ndiye niliyekuwa msomaji wa ile karatasi. Kila mwaka baada ya mavuno aliiteremsha kutoka kwenye dari, akaitoa ndani ya mwanzi, akanikunjulia mkekani.

"Soma pale."

"Nimempa bwana huyu bonde langu kwa amana."

"Neno bado lipo?"

"Lipo, mjomba."

"Basi funga."

Ilikuwa hivyo kila mwaka. Baadaye nilikwenda shule ya serikali Tanga, kwa miguu yangu, nikajua Kidachi kuliko wenzangu wote, na niliporudi likizo nilisoma sehemu ya chini pia. Kidachi hakikusema amana. Kilisema mjomba ameuza bonde, pamoja na maji yake na kila kilicho juu na chini ya ardhi, kabisa na milele. Mjomba alikuwa akinitazama mdomo.

"Huko chini wamesema nini?"

"Ni maneno yaleyale, kwa Kizungu chao," nikamjibu.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na sikuwa na moyo wa kumwambia. Mkonge ulikuwa umeshafika makaburini. Mjomba hakuwa akitaka bonde zima tena. Alikuwa mzee, Kwaluguru alikuwa amepazoea. Alitaka kitu kimoja, na alikisema mbele ya kila mtu, hata wageni: siku yake ikifika alazwe ubavuni mwa dada yake.

Basi, nilikwenda Ulaya. Huko Berlini walitafuta mtu wa kusaidia kufundisha Kiswahili kwa Wadachi waliojiandaa kuja huku, na shule nzima nilichaguliwa mimi. Watu husema ilikuwa bahati. Bahati haijui kuandika kwa aina mbili za herufi, za Kiarabu na za Kizungu, bila kufuta.

Berlini nilikaa miaka mitatu. Nilikuwa na koti la sufu, viatu vya kamba, na chumba chenye jiko la vigae. Nilikula viazi mpaka nikasahau nini kingine huliwa. Na niliumwa na kwetu. Sijui namna nyingine ya kulisema. Mvua ikinyesha nilifungua dirisha ninuse, na mvua ya kule hainuki kitu. Nilikuwa nikikaa kitandani nikitaja majina ya vijito kutoka Kwaluguru mpaka mtoni, kimoja baada ya kingine, kwa sauti, ili nisije nikarudi nikapotea.

Kilichonitoa katika hali hiyo ni chama cha wanafunzi. Wengi niliowafundisha lugha walikuwa wa sheria, vijana wenye makovu ya panga mashavuni, makovu ya kujitakia, ambayo kwao ni heshima kama chale kwetu. Kila Jumamosi alasiri walikutana ghorofani, juu ya duka la kahawa, na siku moja wakanikaribisha. Mwenyekiti alikuwa na kengele ndogo ya shaba. Kesi zao zilikuwa za mataifa: nchi hii imefunga mto, nchi ile imekamata meli, nani ana haki? Majina ya pande mbili yaliandikwa kwenye vikaratasi, yakatiwa ndani ya kofia, na kila msemaji aliokota. Ulichookota ndicho ulichokisemea. Aliyeokota Ufaransa alikuwa Mfaransa mpaka kahawa iletwe, hata kama Wafaransa walimuua babu yake. Watatu walikaa kama mahakimu. Na hoja ikiwapendeza hawakupiga makofi, waligonga meza kwa vifundo vya vidole, ko ko ko, chumba kizima.

Wiki za mwanzo nilikaa nyuma. Kisha ikaja Jumamosi ambayo aliyepaswa kuleta kesi aliumwa, na mwenyekiti akauliza nani analo jambo. Nikasimama.

"Ninalo."

Nikaenda ubaoni nikaandika karatasi ya mjomba kwa kichwa, Kiswahili juu, Kidachi chini, kila neno mahali pake. Kofia ikapita. Mkono wangu ukaokota mwenye bonde. Sitasahau jinsi kile kikaratasi kilivyokuwa na joto la mikono ya watu.

Niliwaambia hivi: "Nikisafiri nikakuachia mbuzi wangu kwa amana, maziwa kunywa, samadi peleka shambani kwako, na nikirudi naweza kukupa na mwana-mbuzi kwa taabu yako. Lakini siku nikisimama mlangoni nikasema nimekuja kuchukua amana yangu, husemi neno. Unafungua zizi. Huyu bwana alielezwa neno hilo kwa mdomo, kwa lugha ya aliyempa. Maneno ya chini aliyaandikisha yeye peke yake. Mtu asiyejua lugha hawezi kufungwa na maneno aliyofichwa ndani ya lugha hiyo."

Mpinzani wangu alijitahidi. Mahakimu walinong'onezana kwa muda mfupi tu. Wakasema: pale maandishi mawili yanapogombana, shaka humwelemea aliyeandikisha, na aliyeandikisha ni Mdachi, bonde lirudi. Meza ziligongwa mpaka vikombe vikacheza. Wiki mbili baadaye wakaniandalia ile diploma, na kila mmoja akatia sahihi, hata niliyemshinda.

Jioni ileile ya kesi niliandika barua nyumbani. Niliandika: "Mjomba, kesi ya bonde nimeishinda mbele ya wanasheria wa Berlini." Kila neno la barua ile lilikuwa kweli.

Niliporudi, nilishuka kutoka kwenye gari moshi pale Korogwe nikiwa na kofia kichwani na sanduku la chuma, na watu wakanipisha. Mjomba alikuwa amesimama stesheni. Pembeni yake palikuwa na kinu, mchi, jembe lenye mpini mpya, mkeka uliokunjwa, na ule mwanzi wake begani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umenenepa. Twende."

"Twende wapi?"

"Bondeni. Barua yako imesomwa msikitini mara tatu. Kwaluguru nzima inajua. Nimeuza kuku wangu, nimekabidhi nyumba." Akashika kinu. "Beba hicho kisanduku chako, jua lisitukute njiani."

Nilitazama viatu vyangu. Ningeweza kusema wakati ule. Badala yake nilisema, "Hukumu haijafika, mjomba. Ya Ulaya hufika polepole. Lazima ipitie Tanga."

"Ah," akasema. "Kwa gari moshi?"

"Kwa gari moshi."

Akaketi juu ya kinu chake, hana hasira. "Basi tutaingojea."

Nilipewa kazi ya ualimu, nikapanga nyumba Kilole, na mjomba akakaa nami. Kila siku ya gari moshi alivaa kanzu safi akaenda stesheni. Karani wa stesheni alikuwa mcheshi kupita kiasi.

"Mzee, hukumu yako ni ya ukubwa gani? Ya kubebwa na mtu mmoja au wawili?"

"Ina muhuri mwekundu. Ukiiona utaijua."

"Leo nimeteremshiwa chumvi, misumari na mke wa mhunzi. Hakuna aliye na muhuri."

"Nitakuja Alhamisi."

Alirudi nyumbani akaniambia haijafika, kwa sauti ya mtu anayenipa mimi pole. Miezi mitatu. Nilikuwa mtu aliyesifiwa kila baraza. Msimamizi wa shamba la mkonge lenyewe, la Kampuni iliyochukua nafasi ya yule Mdachi, lililolimeza bonde letu, alikuwa akija kwangu kujifunza Kiswahili. Na nyumbani sikuweza kumtazama mzee mmoja usoni wakati wa chakula.

Ndipo nilipoanzisha chama. Nasema wazi kwamba kabla yangu hapakuwa na chama cha namna ile katika nchi hii, na kama kilikuwepo nionyeshwe. Nilikusanya wanafunzi wakubwa wa darasa la juu, watu wazima wenye ndevu, kila Jumamosi alasiri darasani, nikawafundisha sheria ya mataifa kama nilivyoifahamu: mpaka ni nini, mkataba ni nini, mjumbe haguswi kwa nini. Walipenda sana habari ya mjumbe. Aliyewazidi wote kwa kusema alikuwa Mshambaa mmoja kutoka milimani, Mkristo, mwenye mke na mtoto, aliyekuwa akitembea kutoka Mazinde kila Jumatatu na kurudi Jumamosi. Kwa ajili ya chama aliacha kurudi mpaka Jumapili asubuhi, na mke wake alinitumia salamu zisizo nzuri.

Nilikuwa na shabaha nyingine. Kinywa changu kilikuwa kimeshindwa. Nilitaka macho ya mjomba yafanye kazi hiyo. Nikamwambia, "Jumamosi njoo shuleni. Kesi ya bonde itasikilizwa kama ilivyosikilizwa Berlini, hivyohivyo, uione."

Alikuja na mwanzi. Nilimweka kiti cha mbele. Niliandika ubaoni, juu na chini. Kisha nikavua kofia yangu, nikatia vikaratasi viwili, nikaipitisha. Mshambaa akaokota, akasoma, akacheka: "Mimi Kampuni!" Mwingine, kijana mpole wa Handeni, akawa mwenye bonde.

Mjomba aliniinamia. "Wanafanya nini na kofia?"

"Wanapata upande wa kusemea."

Mshambaa akaanza, na alikuwa moto. Alisema karatasi ni karatasi. Kidole gumba hakichovywi na upepo. Mtu mzima akitia alama asiyoijua ajilaumu mwenyewe. Na kama kila jumbe angeamka asubuhi na kudai amana yake, nani angelima chochote? Wenzake wakagonga madawati. Ko ko ko.

Mjomba akageuka kuelekea mlangoni. "Karibuni!" akasema.

Darasa likaanguka kwa kicheko. Mshambaa mwenyewe ikabidi aketi. "Mzee, hakuna aliyebisha hodi," akasema akifuta machozi, "ni sifa hizo."

"Sifa za nini?"

"Za maneno yangu, mzee."

"Wewe unaamini ulivyosema?"

"Hapana, mzee! Mimi nimeokota tu."

Msemaji wa pili akasema, mahakimu wakasema, bonde likarudi, madawati yakagongwa. Yote yalikuwa kama Berlini. Wanafunzi walipotoka, mjomba alibaki kwenye kiti.

"Na kule Ulaya palikuwa na kofia?"

"Palikuwa na kofia, mjomba."

"Wewe ukaokota mimi."

"Ndiyo."

"Na kama ungeokota Kampuni?"

"Ningesemea Kampuni."

"Ungeshinda?"

Nilifikiri. Angeweza kuniuliza jambo lolote lingine duniani. Lakini mimi sikuwahi kujidharau, hata siku ile.

"Ningeshinda," nikasema.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei. Kisha akauliza, "Kwa hiyo haitakuja kwa gari moshi."

"Haitakuja. Chama hakina askari, mjomba. Ni cha kujifunzia. Nilitaka kukuambia."

"Mimi nilikuwa nataka pa kulala," akasema. "Sikuwa wa kujifunziwa." Akaweka mwanzi wake begani, akatoka, akanitangulia nyumbani, na njia nzima kutoka shuleni mpaka nyumbani nilitazama mgongo wa kanzu yake.

Nilidhani kesho yake atarudi Kwaluguru. Hakurudi. Alhamisi hakwenda stesheni, na karani akatuma mtu kuuliza kama mzee ni mgonjwa. Jumamosi, alasiri, nilikuwa nimesimama mbele ya chama na kofia mkononi mlango ulipofunguka. Alikaa kiti kilekile. Kofia ilipopita mbele yake akatumbukiza mkono.

"Nisomeeni."

Mshambaa akamsomea. "Ureno, mzee."

"Ureno ni wapi?"

"Nchi ndogo, pembeni mwa bahari."

"Basi nitasema kwa upole."

Na akasema kwa upole, akashindwa kwa heshima. Baada ya hapo hakukosa Jumamosi hata moja. Alikuwa Mturuki, alikuwa Mrusi, alikuwa Sultani mara mbili akakataa kuvua kofia mara zote mbili. Wanafunzi walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Kila madawati yalipogongwa alijibu "Karibuni!" na sasa alijibu kwa makusudi, akisubiri kicheko kama mtu anayesubiri chai yake.

Mara moja tu kesi yetu ilirudi. Mshambaa aliiomba, sikuwa na sababu ya kukataa. Kofia ikapita, na mjomba akaokota Kampuni. Nikasimama nibadilishe. Akaninyooshea kidole: "Kaa. Nimeokota."

Akasimama, akashika mwanzi kama Mzungu anavyoshika fimbo. "Mimi Kampuni," akasema. "Nimekuja na njaa ya mkonge. Nimelima mpaka mtoni, nimelima mpaka kilimani. Mashine yangu inanguruma kutwa. Sina ubaya na mtu. Lakini shambani kwangu kuna wanawake wawili, mtu na binti yake. Wananitazama. Mistari yangu yote imenyooka isipokuwa hapo. Wasimamizi wangu wanakwepa mahali hapo, hawasemi kwa nini. Nawaomba mahakimu, niamrisheni nilirudishe hili jambo dogo, nyumba mbili tu za udongo, na moja ya mtu atakayekuja, nipate usingizi. Mengine nitabaki nayo."

Hakuna aliyegonga. Mshambaa, aliyekuwa hakimu siku hiyo, alisahau kupiga kengele.

Mjomba aliugua mwanzo wa mvua za vuli, homa ya siku nne. Sijutii dawa, nilileta ya hospitali na ya kwetu. Asubuhi ya siku ya nne alikuwa na akili zake kamili. Aliniuliza kama Jumamosi ni kesho. Nikasema ni leo. Akasema niwaombe radhi wanafunzi. Kisha akasema, "Kwa huyo bwana wa mkonge, nenda bila kofia."

"Bila kofia ya kichwani, mjomba, au ya kura?"

"Zote mbili." Akacheka kidogo. Alikata roho kabla ya jua kufika katikati.

Msimamizi wa shamba alikuwa kwenye baraza lake akinywa kahawa. Nilikuwa nimevaa kanzu ya mjomba, iliyonipita urefu, kichwa wazi.

"Mwalimu," akasema kwa Kiswahili, kwa kujitahidi, "leo si siku ya somo."

"Nimekuja kuomba kaburi, bwana."

Nikamweleza yote kwa Kidachi, Kidachi changu kizuri kuliko chake, maana yeye alikuwa mtu wa shamba. Sikutaja mkataba. Sikutaja Berlini. Nilitaja mama na bibi na mtu mmoja mrefu. Alisikiliza akizungusha kikombe.

"Nimesikia mna mahakama huko shuleni," akasema mwishowe.

"Ni chama cha wanafunzi, bwana. Hakina nguvu."

"Sitaki kesho ukoo mzima uje na majembe."

"Ni mtu mmoja tu."

Akafikiri. Kisha akaita karatasi na wino. Sharti lake ni kwamba niandike, kwa niaba ya ukoo, kuwa kaburi halitupi haki yoyote katika ardhi ile, kabisa na milele. Aliyatamka maneno ya Kidachi mwenyewe, nami nikaandika kama alivyosema. Nimeshaandika mabaya zaidi kwa kuamriwa.

"Sasa juu yake andika Kiswahili," akasema, "ili watu wako waelewe."

Nilichovya kalamu. Niliandika: "Tumemweka mjomba wetu katika bonde hili kwa amana."

Akachukua karatasi, akasoma polepole, kidole chini ya kila neno, kama nilivyomfundisha. Akafika mwisho, akakunja uso.

"Hili neno hatujalifikia. Amana ni nini?"

"Ni kitu unachokiweka mahali pa salama, bwana."

"Ah. Neno zuri," akasema, akatia sahihi, akagonga muhuri, akanipa nakala yangu. Muhuri wake ulikuwa mwekundu.

Alituma mnyapara akakata mistari miwili ya mkonge kila upande. Wanafunzi wote walikuja kuchimba, Mshambaa akiwa mbele amevua shati, na karani wa stesheni alifunga ofisi siku ya gari moshi, jambo ambalo angeweza kufukuzwa kazi kwalo. Kesho yake alasiri mjomba alilala ubavuni mwa dada yake. Mwalimu wa msikitini alipomaliza na watu kuanza kuondoka, Mshambaa alibaki amesimama kama asiyejua afanye nini na mikono yake. Kisha akainama, akagonga mpini wa jembe lake kwa vifundo vya vidole. Ko ko ko. Wenzake nao wakagonga, kila mmoja mpini wake. Wote tukangoja kidogo, kwa mazoea.

Chama kilikufa na vita. Wengine walichukuliwa, na Mshambaa hakurudi Mazinde. Sijawahi kupata barua kutoka kwa yeyote kati ya wale kumi na tisa, na wengi wao nadhani hawapo. Ninawatamani. Natamani chumba kile cha juu na harufu ya kahawa na makoti mabichi ya mvua, na natamani darasa letu la Kilole zaidi kuliko hicho chumba, na kiti kimoja cha mbele zaidi kuliko darasa zima. Nilipokuwa kule nilitaja vijito ili nisipotee. Sasa nipo hapa, vijito vyote navijua, na bado kila Jumamosi saa za alasiri sijui pa kwenda.

Wageni wakija nawaonyesha diploma, na wanastahili kuiona. Wakishaondoka nashusha mwanzi. Ndani yake zipo karatasi mbili sasa, ya mjomba na yangu, zimekunjwa pamoja. Bonde limebadilisha wenyewe, na mkonge umerudi kwenye mistari yote isipokuwa minne. Nakunjua karatasi mkekani, naweka kidole chini ya mstari wa juu, nasoma kwa sauti, maana yeye hakupenda isomwe kimyakimya.

Neno bado lipo. Basi nafunga.